Maji Yetu Yalipimwa

Mjukuu wangu ana jina langu. Kwetu Ukambani binti wa kwanza wa mwanao hupewa jina lako, na tangu siku hiyo mwanao humwita mtoto huyo "mwaitu", yaani mama yangu, kama anavyokuita wewe. Kwa hivyo nyumbani kwetu Kwa Ngelu, upande wa Zombe, tuko akina Kalekye wawili. Mwanangu Nthiwa akipiga simu kutoka Mombasa, anakofanya kazi ya ulinzi, husema, "Nipe mwaitu," na mkewe Mbithe humuuliza, "Yupi? Mwenye meno ama asiye na meno?"

Huo ulikuwa mzaha wetu wakati mtoto alipong'oka meno ya mbele. Meno mapya yalipoota, mzaha ukaisha. Yaliota ya kahawia, na vishimo vidogo, kama punje za mahindi zilizoguswa na dumuzi. Nilimsugua kwa chumvi, nikamsugua kwa mkaa uliosagwa, na yeye alisimama kimya kati ya magoti yangu, mdomo wazi, akinivumilia. Hayakubadilika. Kisha nikaona akitembea magoti yake yanagusana na nyayo zinaenda kando. Alikuwa anakaribia miaka saba. Majirani waliniambia atanyooka akikua, na nilitaka kuwaamini, lakini watoto wa majirani nao walikuwa wanatembea vivyo hivyo.

Tangu mtoto azaliwe nilikuwa nimemwambia Mbithe achemshe maji ya kunywa. Yeye ni mkwe mwenye heshima. Alichemsha kila siku, hata siku ambazo kuni zilikuwa za kutafutwa mbali, na hakunung'unika.

Likizo ya Agosti nilimchukua mtoto tukaenda Kathonzweni, Makueni, kwa dada yangu Ndululu aliyekuwa amepasuliwa jicho. Nilienda kumpikia mpaka apone. Jumamosi moja wauguzi walikuja kanisani kwao kupima watu bure. Foleni ilikuwa ndefu, lakini mama mmoja nisiyemjua aliona nimemshika mtoto mkono, akaniita kama tunavyoita nyanya, "Susu, pita mbele yangu, mimi sina haraka." Alikuwa na haraka, maana alikuwa amebeba kuku wa kuuza sokoni. Nikapita.

Muuguzi alimwangalia mtoto mdomoni, kisha akamwambia atembee hadi mlangoni na kurudi.

"Anakunywa maji gani?" akaniuliza.

"Ya kisima. Kile cha kuchimbwa na mashine. Ni safi kabisa. Na tunachemsha."

Aliweka kalamu chini. Akageuza kiti chake tukaangaliana, akaacha Kiswahili, akanieleza kwa Kikamba polepole, bila kunifanya mjinga. Alisema kuna kitu kwenye miamba kinachoitwa floraidi. Kikizidi kwenye maji, huharibu meno ya watoto na kupinda mifupa yao. Kuchemsha hakukitoi. Maji yakipungua sufuriani, chenyewe kinabaki.

"Basi nimekuwa nikimwongezea," nikasema.

"Ulikuwa unamlinda kwa ulichojua. Na mimi sijapima maji yenu, siwezi kusema ni hicho. Lakini kisima cha watu wengi kinafaa kupimwa kabla ya kufunguliwa. Majibu yatakuwa kwenye ofisi iliyokichimba. Yaombe."

"Watanipa mimi?"

"Sheria iko. Wana siku ishirini na moja. Huhitaji hata kuwaambia unayatakia nini."

Aliandika nyuma ya kadi ya kliniki: Sheria ya Kupata Habari, 2016. Siku 21. Akaniandikia kwa herufi kubwa zilizotengana, kwa sababu alikuwa ameniona nikisoma bango la ukutani kwa kidole.

Nilirudi Kwa Ngelu nikawaambia wanawake wa mwethya. Mwethya ni sisi ishirini na sita tunaofanya kazi pamoja, leo shambani kwa huyu, kesho kwa yule. Siku hiyo tulikuwa kwa Muthoki, tunachimba mitaro ya fanya juu ili mvua ya Novemba isichukue udongo wake. Niliwaeleza tukiwa kivulini tunakula muthokoi, mahindi yaliyotwangwa na kupikwa na maharagwe. Karibu kila mmoja alikuwa na mtoto mwenye meno yale nyumbani, au wawili.

"Sasa wakisema ni mabaya tutakunywa nini?" akauliza Wayua. Yeye ndiye mchekeshaji wetu. "Mimi nikirudi mtoni kwa miguu hii, mzee wangu ataoa mwingine kabla sijafika."

"Nani atamkubali?" Muthoki akamjibu, na tukacheka.

Lakini hakuna aliyesema tuache. Tuliandika barua. Niliiandika mimi, kwa Kiswahili: tunaomba majibu ya kupimwa kwa maji ya kisima cha Kwa Ngelu, tangu kilipochimbwa. Hatukufikiria mara mbili tuweke jina la nani. Tuliweka jina la mwethya. Kwetu hakuna kazi inayobeba jina la mtu mmoja. Bwawa la mchanga tulijenga hivyo, darasa la chekechea hivyo. Chini tukaweka alama zetu zote.

Ofisi iliyosimamia mradi wetu iko mjini Kitui, ghorofa ya pili. Afisa wa habari aliitwa Bwana Kaloki, kijana wa miaka kama arobaini, shati limepigwa pasi vizuri. Alisoma barua akiwa amesimama.

"Mama, sheria inasema raia. Kila raia ana haki. Hiki ni kikundi. Kikundi si raia."

"Sisi sote ni raia."

"Mmoja mmoja, ndiyo. Na cheti cha kikundi chenu kiko hai?"

Kilikuwa kimeisha miaka mitatu nyuma. Akanirudishia barua, akaniambia niende salama, na kwa kweli alisema kwa upole.

Pale chini kwenye mapokezi kulikuwa na mwanamke wa makamo mwenye hijabu ya samawati, jina lake Mwanamisi. Aliniona nikishuka ngazi nimeshika ukuta, akatoka nyuma ya meza yake akanipa kiti chake, akanipa maji kutoka chupa yake mwenyewe. Nilikuwa nimetoka nyumbani alfajiri. Aliisoma barua.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Andika tena hivi hivi, lakini kwa jina lako. Namba ya kitambulisho, namba ya simu. Andika mbili. Moja wabaki nayo, nyingine wakupigie muhuri na tarehe. Bila muhuri watasema hukuja."

"Jina langu peke yangu?"

"Peke yako, mama. Mkiandika kama kikundi, hapo ndipo wanapowashinda."

Nilikaa kwenye kiti chake kwa muda. Sijawahi kuwa peke yangu kwenye karatasi. Nikifikiria kijijini watasema nini, Mama Nthiwa amejitenga, Mama Nthiwa anatafuta kiti cha udiwani, mkono ulikuwa mzito. Kisha nikafikiria mtoto akitembea hadi mlangoni na kurudi. Mwanamisi alinipa karatasi mbili na kalamu. Niliandika mbili, na yeye mwenyewe akazipeleka juu zikapigwa muhuri.

Nilihesabu siku ishirini na moja kwa Jumapili tatu. Nilimwambia Mbithe asimpe mtoto maji ya kisima kwanza. Alikuwa akienda mtoni, saa moja na nusu kwenda, na kurudi zaidi ya hapo kwa sababu ya mzigo, kuchimba mchangani na kuteka kwa kata maji yanayojaa polepole. Alikuwa mjamzito wa miezi mitano. Siku nyingine nilienda mimi, lakini nikibeba lita kumi nilikuwa napumzika kila kona. Siku nyingine hatukuweza wote wawili, na mtoto akitoka shuleni alikunywa palepale bombani na wenzake. Huwezi kumfunga mtoto mdomo.

Jumapili ya tatu ilipita. Nikaenda. Faili iko kwa mkubwa, na mkubwa ameenda semina. Nikaenda tena. Majibu yako maabara, yanatafutwa. Mara ya tatu Bwana Kaloki hakushuka wala hakuniita nipande. Mwanamisi alisubiri mlinzi ageuke.

"Kuna tume ya serikali inayoshughulikia malalamiko ya wananchi," akasema. "Ofisi ikinyamaza, wao wana mamlaka ya kuiuliza kwa nini. Nikuandikie anwani?"

"Hutapata shida?"

"Nimeandika anwani tu. Anwani hata posta wanaandika."

Akaandika. Nilipofungua karatasi nje nikakuta ameambatisha stempu.

Nilituma malalamiko mwisho wa Oktoba. Mvua ilikuja, ikaondoka. Katikati ya Desemba simu ikalia nikiwa napepeta kunde. Ilikuwa sauti ya Bwana Kaloki mwenyewe. Njoo, mama. Majibu yako tayari.

Safari hii alinikaribisha vizuri. Alivuta kiti, akaagiza chai, akafunga mlango. Juu ya meza kulikuwa na karatasi tatu.

"Umetusumbua lakini si kitu," akasema, akitabasamu. "Wewe ni mama mwenye bidii. Soma."

Ya kwanza ilikuwa barua ya kusema ombi langu limekubaliwa. Ya pili ilikuwa na majina mengi ya Kiingereza na namba mbele yake. Nilimwomba anionyeshe floraidi. Akaweka kidole. Sita nukta nane.

"Na inatakiwa iwe ngapi?"

Aliondoa kidole. "Moja na nusu."

Tarehe ilikuwa Machi 2018. Kisima kilifunguliwa Juni 2018. Mtoto alizaliwa mwaka huo huo, Septemba.

"Mlijua," nikasema.

"Mama, na nyinyi mlijua." Akasukuma karatasi ya tatu mbele yangu. "Hii ni kumbukumbu ya mkutano wa siku ya ufunguzi. Inasema wananchi wameelezwa kwamba maji haya ni ya mifugo na ya kufulia, watoto wasinywe, na wananchi wamekubali mradi uendelee. Chini ni sahihi za wawakilishi wa jamii."

Ilikuwa kwa Kiingereza. Chini kulikuwa na alama kumi na mbili. Nyingi zilikuwa za vidole gumba, duara za wino, na kando ya kila moja mtu mmoja alikuwa ameandika jina la mwenyewe. Ya nne haikuwa ya kidole. Ilikuwa jina lililoandikwa kwa herufi kubwa, zimekandamizwa sana: KALEKYE NDOLO.

Niliijua kabla sijamaliza kuisoma. Ilinirudia siku ile yote. Hema jeupe, kreti za soda, mkate. Mtu alikuwa akizunguka na ubao wa kuandikia na kidau cha wino, akisema akina mama wa mbele waweke alama kwamba wamehudhuria, wapate soda na nauli. Mwaka ule nilikuwa nimemaliza gumbaru, ile shule ya watu wazima. Alipofika kwangu alishika kidole changu akitaka kukipaka wino, nikamwambia, "Mimi naandika." Wanawake wa nyuma walipiga vigelegele. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuandika jina langu mbele za watu. Hata sikuuliza juu ya karatasi kumeandikwa nini. Kwetu mkutanoni karatasi ikija unaweka alama, inaenda kwa jirani. Ni kusema nilikuwepo.

"Hatukuambiwa hivi," nikasema. "Tuliambiwa ni ya soda."

"Mimi sikuwepo, mama. Mimi naona karatasi." Alishusha sauti. "Sikia nikuambie kama mwanao. Sasa umeona, roho imetulia. Ukitoka na hizi karatasi, watu wa kwenu wataona nini? Wataona jina lako. Hao wa vidole gumba watasema hawajui kusoma. Wewe utasema nini? Naweza kukuandikia hapa kwamba umeondoa ombi. Unaweka sahihi, mimi narudisha faili, tume naiambia mambo yameisha. Kisima mwakani tutakiletea mtambo wa kusafisha. Hakuna anayeumia."

"Mtambo umeandikwa wapi?"

"Uko kwenye mipango."

"Na watoto mpaka mwakani?"

Alinisogezea kalamu, na kusema ukweli, niliishika. Nilifikiria Wayua. Nilifikiria Mbithe na tumbo lake njiani kutoka mtoni, akidhani mama mkwe wake ndiye aliyewatetea. Nina miaka sitini na minane. Kitu nilicho nacho kijijini ni kwamba nikisema jambo watu huliamini. Chai ikawa imepoa.

Kisha nikasema, "Karatasi nyingine ya kuweka sahihi siwezi, mpaka mtu anisomee yote."

Nikaweka kalamu chini. Nikazikunja zile tatu, nikaziweka ndani ya leso. Hakunizuia. Aliniambia tu, "Haya, mama. Sisi tumekujibu. Hiyo sasa ni juu yako."

Mwanamisi hakuwa pale chini. Mlinzi alisema yuko likizo ya ugonjwa wa mama yake. Nilimwachia salamu.

Nilimwambia Mbithe kwanza. Alisoma hadi kidato cha nne, kwa hivyo nilimpa karatasi asome mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua mboga. Alisoma ya pili, akasoma ya tatu. Alipofika chini akaniangalia, akaangalia tena chini.

"Mama," akasema, "hapa kuna jina lako."

"Ndilo."

"Inasema watoto wasinywe."

"Sikujua inasema hivyo. Niliandika tu."

Hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliinuka, akaenda jikoni, nikasikia akimwaga sufuria. Yalikuwa maji ya kisima aliyokuwa amechemsha ya ugali. Akayamwaga kwenye mti wa nyuma ya jiko, akasimama pale mgongo kwangu, mkono kiunoni kama wanavyosimama wajawazito.

"Miaka saba nimemchemshia," akasema, bila kugeuka. "Nilikuwa nasikia vizuri nikichemsha. Nilikuwa nasema, mtoto wangu anakunywa maji bora kuliko wa wengine."

Siku mbili tuliongea mambo ya kuku na mbuzi tu. Siku ya tatu Nthiwa alipiga simu, na akasema kama kawaida, "Nipe mwaitu." Mbithe akanipa mimi. Nilijua alikuwa amemwambia. Nthiwa akauliza kama magoti yangu bado yananiuma. Nikasema kidogo. Akasema, "Usibebe maji mengi."

Wiki hiyo mwethya ulikuwa shambani kwangu. Tulichimba mpaka jua likawa juu, tukakaa. Nilikuwa nimepika muthokoi na kuuwekea mafuta zaidi, nadhani kwa woga. Nikatoa karatasi nikawaambia majibu. Nilisoma namba. Kisha nikasoma ya tatu, nikiigeuza kwa Kikamba jinsi Mbithe alivyonisaidia, mpaka mwisho, mpaka majina.

"La nne ni langu," nikasema. "Na vidole hivi ni vya baadhi yenu."

Mtu aliweka bakuli chini.

Wayua ndiye aliyesema. Mjukuu wake wa kwanza hawezi kukimbia. "Kwa hivyo ile siku ulikuwa unaandika kwa madaha mbele yetu, karatasi uliyokuwa unaandika ndiyo hii."

"Ndiyo."

"Mimi nilikupigia vigelegele."

"Nilikusikia."

"Sisi hatujui kusoma, Mama Nthiwa. Sisi tuliweka vidole kwa sababu wewe uliandika. Tulisema, kama yeye ameandika, iko sawa."

Ningeweza kusema ilikuwa Kiingereza, na ilikuwa kweli, lakini haikuwa jibu la alichosema. Wayua alichukua jembe lake. Tulidhani anaenda nyumbani. Akaenda hadi kwenye mtaro, akaanza kuchimba peke yake, kwa nguvu, shambani kwangu.

Muthoki, ambaye ni mkubwa kuliko sisi sote, alinyoosha mkono. "Nionyeshe changu."

Nikamwonyesha, kidole cha saba. Aliweka gumba lake juu ya ile alama, akalilinganisha, akatazama kwa muda mrefu kama mtu anayetazama picha ya ujana wake.

"Basi nilikuwepo," akasema. "Usiseme ni wewe. Andika tena uwaulize nani aliandika yale maneno ya juu. Na mimi nitaandika yangu, kwa jina langu, unishike mkono tu. Lakini leo tuseme habari ya watoto."

Tulikubaliana kwa shida. Wengine walisema wataendelea na kisima, hawana mtu wa kumtuma mtoni, na hatukuweza kuwalaumu. Kumi na tano walikubali zamu: kila siku wanawake watatu waende mchangani na punda wa Muthoki, wateke ya watoto wadogo tu, na ya wajawazito. Kupikia na kuoga tutumie ya kisima. Wayua hakuja kusema ndiyo wala hapana. Lakini kesho yake, zamu ya kwanza, nilimkuta njiani mbele yangu, na mtungi wake umefungwa mgongoni kwa kamba.

"Usitembee karibu na mimi," akasema. "Bado nina hasira."

Nikatembea nyuma yake kwa hatua kumi. Tulipofika mchangani alichimba shimo, maji yalipojaa akateka yangu kwanza.

Barua ya pili niliipeleka Januari. Niliuliza: nani aliandika kumbukumbu ya mkutano ule, ilisomwa kwa lugha gani, na nani aliamua bomba lifunguliwe baada ya majibu ya Machi. Muthoki alipeleka yake, Mbithe yake, na wengine wanne. Bado hatujajibiwa. Tume imetuandikia kwamba wamepokea.

Daktari wa mifupa alimwona mtoto. Alisema kwa kuwa ni mdogo huenda magoti yakanyooka, huenda yasinyooke. Meno hayatabadilika.

Kwenye tangi pale bombani niliweka ubao. Niliandika kwa rangi, Kikamba juu na Kiswahili chini: Maji haya watoto wasinywe. Siku ya nne haukuwepo. Sijui nani aliuondoa. Pengine ofisi, pengine mtu wa kwetu anayeogopa kisima kufungwa. Nikaandika mwingine. Ule wa pili ulidumu wiki moja. Sasa nimeacha mbao, naandika kwenye ukuta wa tangi wenyewe, na mvua ikifuta narudi.

Juzi nilikuwa pale nikiandika, akaja mama mdogo nisiyemfahamu, wa ng'ambo ya barabara ya Zombe, mtoto mgongoni, kibuyu begani na dumu la lita ishirini mkononi. Aliweka dumu chini ya bomba, akafungua, kisha akaona rangi mbichi.

"Imesemaje?" akaniuliza. "Mimi sikusoma."

Nikamsomea. Nikamweleza yote polepole, kama nilivyoelezwa kanisani Kathonzweni. Alisikiliza vizuri.

"Nani amesema?"

"Ofisi wenyewe walipima. Walijua. Na mimi nilitia sahihi."

Alinitazama, nadhani akashindwa kujua niko upande gani. Dumu lilikuwa linajaa. Hakulifunga bomba.

"Kutoka kwetu hadi mtoni ni asubuhi yote," akasema. "Nina wengine wawili nyumbani. Leo watakunywa nini?"

Kando yangu kulikuwa na kidumu cha lita tano, nilichotoka nacho mchangani, cha Kalekye cha siku mbili. Nikakiangalia. Mtoto wa mgongoni alikuwa ameamka, ananitazama, na alikuwa ameota meno mawili ya chini, meupe.

Nikachukua kibuyu cha huyo mama, nikammiminia nusu. Nilimwambia hiyo ni ya huyu mdogo tu, asimchanganyie na hayo mengine. Akashukuru, akajitwisha dumu la kisima kichwani, akashika kibuyu mkononi, akaondoka. Nilibaki na lita mbili na nusu, na nyumbani nilikuwa naenda kueleza kwa nini.